Sura ya 4: Kabla Tumbo Halijasema

Majina ya mapacha wa Afrika Mashariki hufuata foleni ya kuzaliwa. Usukumani na Unyamwezini anayetangulia ni Kulwa, anayefuata ni Doto, na mtoto atakayezaliwa baada yao ataitwa Shija. Kwa Wajaluo ni Opiyo na Odongo, na wakiwa wasichana ni Apiyo na Adongo. Buganda wana Wasswa na Kato, Babirye na Nakato, na hata wazazi hubadilika jina: baba anakuwa Ssalongo, mama Nnalongo. Burundi ni Bukuru na Butoyi. Hakuna hata moja kati ya majina haya lililoweza kutolewa mimba ikiwa changa, kwa kuwa hakuna aliyejua. Mkunga alimpokea mtoto, akakata kitovu, akaweka kiganja juu ya tumbo la mama akitarajia kulikuta limelegea, akalikuta bado limejaa. Hapo ndipo nyumba nzima ilipojua.

Siku hizi swali la kama ni mmoja au wawili huanza kuulizwa miezi minane mapema. Mwanamke ameruka siku zake kwa wiki moja, amechovya kijiti kwenye mkojo, mistari miwili imetokea, na wa pili umekolea kweli kweli. Shoga yake anautazama na kusema, "Hao ni wawili hao." Kichefuchefu kikianza na mama akawa hashiki chakula asubuhi wala jioni, mama mkwe naye anaunga mkono. Gauni likimbana kiunoni wiki ya nane, mtaa umeshamaliza kuhesabu.

Mtaa unaweza kuwa umepatia, lakini umepatia kwa kubahatisha. Katika wiki 12 za kwanza, mwili wa aliyebeba mtoto mmoja na wa aliyebeba mapacha hutoa dalili zilezile. Kinachotofautiana ni ukali wake, na hata huo hautofautiani kila mara. Kinachoweza kuhesabu watoto ni picha. Na picha hiyo ina swali la pili, zito kuliko lile la mmoja au wawili, ambalo lisipoulizwa kwa wakati wake huwa gumu kulijibu baadaye.

Tuanze na kijiti. Kinachotafuta kwenye mkojo ni homoni iitwayo hCG, inayotengenezwa na chembe zitakazokuja kuwa kondo la nyuma. Katika wiki za mwanzo homoni hii huongezeka maradufu kila baada ya siku mbili au tatu, na hufika kileleni kati ya wiki ya 8 na ya 11. Mapacha wana chembe nyingi zaidi za kondo, kwa hiyo kwa wastani hCG yao huwa juu. Shida iko kwenye neno "wastani". Wiki ya 5, ukihesabu tangu siku ya kwanza ya hedhi ya mwisho, kiwango kinachohesabiwa kuwa cha kawaida huanzia 18 na kufika 7,340 kwa kipimo cha damu. Katika uwanda mpana namna hiyo mapacha hujificha wasionekane, na mtoto mmoja akaonekana kama wawili. Mstari uliokolea unaweza kumaanisha tu kwamba mkojo ulikuwa wa alfajiri, haujapunguzwa makali na maji, au kwamba mama amekosea tarehe na mimba ni kubwa kuliko anavyodhani. Tena liko jambo linalowashangaza hata baadhi ya wahudumu: hCG ikizidi mno, kama inavyoweza kutokea kwa mapacha wiki ya tisa au ya kumi, kijiti huelemewa, na mstari ukafifia au usionekane kabisa.

Kutapika nako kuna hadithi yake. Desemba 2012 ikulu ya Uingereza ilitangaza kwamba Kate, mke wa Prince William, ni mjamzito na amelazwa hospitalini London kwa kutapika kupita kiasi. Mimba ilikuwa changa mno, na magazeti yakaanza kubashiri mapacha. Julai 2013 akazaliwa George, peke yake. Mimba ya Charlotte ilimwangusha vilevile, na ya Louis vilevile. Mara tatu alilemewa, na mara zote tatu tumboni alikuwemo mtoto mmoja.

Kwa nini basi mwingine abebe mapacha huku akiendelea kuuza samaki sokoni, na mwenzake mwenye mtoto mmoja awekewe dripu? Desemba 2023 jarida la Nature lilichapisha utafiti uliotoa jibu zuri kuliko yote yaliyotangulia. Miongoni mwa walioongoza kazi hiyo ni Marlena Fejzo, mtaalamu wa jenetiki wa Marekani ambaye mwaka 1999 alipoteza mimba kwa ugonjwa huohuo, na Stephen O'Rahilly wa Cambridge. Walifuatilia homoni iitwayo GDF15, ambayo wakati wa mimba hutoka kwa wingi upande wa mtoto na kondo, ikaingia kwenye damu ya mama na kugusa sehemu ya ubongo inayoamsha kichefuchefu. Wanawake waliokuwa na homoni hiyo kidogo kabla ya kushika mimba ndio walioumia zaidi. Waliokuwa nayo nyingi tangu zamani, kwa mfano wenye ugonjwa wa damu uitwao thalasemia, walisumbuliwa kidogo. Mwili uliozoea haushtuki.

Hapo fumbo linafunguka. Mapacha huongeza dozi, na ndiyo maana kwa jumla mama zao hutapika zaidi. Lakini dozi ni nusu tu ya habari. Nusu ya pili ni mama mwenyewe na hali ya mwili wake kabla ya mimba kuingia, na hiyo haina uhusiano wowote na idadi ya watoto.

Kauli ya "ni mapacha hao, vumilia" ina hatari, na inafaa kusemwa bila kuzunguka. Homa pamoja na kutapika katika nchi zenye malaria ni malaria mpaka kipimo kiseme vinginevyo. Kichefuchefu kinachoanza kwa mara ya kwanza baada ya wiki ya 9 kinahitaji kutafutiwa sababu nyingine, kwa maana kile cha mimba karibu siku zote huwa kimeshaanza. Iko pia mimba zabibu, ambapo chembe za kondo huota ovyo kama kichala bila kuwepo mtoto wa kawaida. Mama hutapika sana, tumbo hukua haraka, hCG hupaa, hata zaidi ya 100,000, na damu huanza kutoka. Kila dalili ambayo mtaa ungeiita mapacha ipo hapo. Mwanamke wa namna hii akiambiwa avumilie, anapotezewa wiki ambazo hana. Na yeyote anayeshindwa kubakiza hata maji tumboni, anayepata mkojo kidogo na wa rangi nzito, anatakiwa kuwa kituo cha afya siku hiyohiyo, awe amebeba mmoja au watatu.

Tumbo lenyewe ni shahidi dhaifu kuliko wote. Kwenye mimba ya mtoto mmoja, mfuko wa uzazi hutoka nyuma ya mfupa wa kinena karibu na wiki ya 12, na mkunga mwenye mkono mzoefu huugusa hapo. Wa mapacha huweza kuguswa mapema kidogo. Kabla ya hapo, kinachobana gauni mara nyingi ni gesi na choo kigumu, kwa sababu homoni ya projesteroni inalegeza matumbo na chakula kinatembea polepole. Aliyezaa mara tatu huonyesha tumbo mapema kuliko mwenye mimba ya kwanza. Fibroidi nazo hulikuza tumbo, na kukosea tarehe kwa mwezi mmoja hulikuza kuliko vyote.

Na huko ndani tofauti ipo kweli, ila haionekani kwa macho. Mama wa mtoto mmoja huongeza ujazo wa damu yake kwa asilimia 40 hadi 50 kabla ya kujifungua. Mama wa mapacha huenda mbali zaidi ya hapo, na moyo wake hufanya kazi kubwa zaidi. Damu ikiongezeka maji kuliko chembe nyekundu, upungufu wa damu uko mlangoni, na mapacha wawili wanaodai madini ya chuma huufungulia. Kuhusu chakula, yale maneno ya kula kwa ajili ya wawili au watatu hayana msingi katika miezi mitatu ya mwanzo. Mtoto wa wiki ya 10 ana urefu wa kama sentimita tatu. Mzigo huja baadaye. Mwaka 2009 Taasisi ya Tiba ya Marekani ilipendekeza kwamba mwanamke mwenye uzito wa kawaida aongeze kilo 11.5 hadi 16 kwa mtoto mmoja, na kilo 17 hadi 25 kwa mapacha, hadi mwisho wa mimba. Vidonge vya kuongeza damu vyenye foliki asidi ndivyo visivyosubiri, kwani uti wa mgongo wa mtoto hujifunga kabla akina mama wengi hawajaenda kliniki hata mara moja.

Mapacha hutoka wapi? Swali hili huleta ugomvi kwenye vikao vya ndoa, maana ukoo wa mume hupenda kujitwalia sifa. Mapacha wasiofanana hutokana na mayai mawili yaliyopevuka mwezi mmoja, na anayepevusha mayai ni mama. Kama kuna urithi, kwa mimba hii unatoka kwake. Baba anaweza kumrithisha binti yake, na matunda yakaonekana kwa wajukuu. Umri unachangia pia: mwanamke aliyevuka miaka 35 huwa na homoni nyingi zaidi ya kuamsha mayai, na mawili yakatoka pamoja. Matibabu ya kusaidia uzazi yanaongeza kwa kiwango kikubwa. Novemba 2023, katika hospitali moja ya uzazi mjini Kampala, mwanamke wa miaka 70 alijifungua mapacha wa kiume na wa kike waliotungwa maabara.

Wanaofanana ni habari nyingine. Hawafuati ukoo, na idadi yao ni ileile karibu kila mahali duniani, kama 4 kwa kila uzazi 1,000. Tofauti kati ya nchi na nchi inaletwa na wale wasiofanana. Christiaan Monden wa Oxford na wenzake walionyesha mwaka 2021 kwamba dunia sasa inapata mapacha kwenye uzazi 12 kati ya kila 1,000, kutoka 9 mwanzoni mwa miaka ya 1980, hivi kwamba mtoto mmoja kati ya kila 42 ni pacha. Ongezeko hilo ni la Ulaya, Amerika na Asia. Afrika ilikuwa juu tangu zamani kwa asili tu, na Igbo-Ora, mji wa Wayoruba huko Nigeria, unajulikana dunia nzima kwa mapacha wake.

Pacha wanaofanana huanza wakiwa yai moja lililogawanyika, na siku ya kugawanyika ndiyo inayoamua wataishi vipi. Likigawanyika ndani ya siku tatu za kwanza, kila mmoja anapata kondo lake na mfuko wake wa maji. Kati ya siku ya nne na ya nane, wanachangia kondo moja lakini kila mmoja ana mfuko wake. Hawa ndio wengi, kama saba kati ya kumi. Likichelewa zaidi wanachangia kondo na mfuko, jambo la nadra na la hatari. Likivuka siku ya 13, mgawanyiko haukamiliki. Watanzania hawajawasahau Maria na Consolata Mwakikuti, waliozaliwa Makete mwaka 1996 wakiwa wameungana, wakasoma hadi chuo kikuu, na kufariki pamoja mjini Iringa Juni 2018. Maisha yao yote ya miaka 21 yaliamuliwa na siku chache ambazo mama hakuwa hata amejua kwamba ana mimba.

Kwa karne nyingi hayo yote yalikuwa gizani. Mwanga ulikuja mwaka 1958, pale Ian Donald, daktari wa Glasgow, pamoja na mhandisi Tom Brown na daktari John MacVicar, walipochapisha picha za kwanza za mimba zilizopigwa kwa mwangwi wa sauti. Glasgow ilikuwa mji wa kuunda meli, na mashine yao ilitokana na ile ya kutafuta nyufa ndani ya vyuma. Ndiyo babu wa altrasaundi ya leo.

Wiki ya 5 mashine inaonyesha kifuko cheusi, kama punje ya maharage. Wiki ya 6 kitu kidogo kinapepesa ndani yake, na hayo ndiyo mapigo ya moyo. Vifuko viwili, mapigo mawili, na swali la mtaa limejibiwa. Lakini picha ya mapema mno hukosea kwa pande zote mbili. Pacha wa pili anaweza kuwa amejibana pembeni asionekane. Au wanaonekana wawili, na baada ya wiki tatu anabaki mmoja. Makadirio yanayokubalika ni kwamba mimba 2 au 3 kati ya kila 10 zilizoanza na vifuko viwili hupoteza kimoja, mara nyingi kabla ya wiki ya 12. Kifuko hunywea na kufyonzwa na mwili. Pengine yanatoka matone ya damu, pengine hakuna dalili yoyote. Aliyebaki kwa kawaida huendelea vizuri. Mama huyu ameondoka kliniki na furaha ya watoto wawili, amerudi na mmoja, na majirani wanamwambia ashukuru. Anaweza kushukuru na kuomboleza kwa pamoja, na wanaomzunguka wana wajibu wa kumwachia nafasi ya kufanya yote mawili.

Wakati mzuri ni kati ya wiki ya 11 na ya 14, na hapa ndipo lile swali la pili linapoingia: kondo ni moja au mawili?

Mpiga picha anamlaza mama chali, anamwaga jeli ya baridi, anateleza mkono mpaka anapopata utando unaowatenga watoto. Hawatazami watoto tena. Anaufuata ule utando hadi unapokutana na kondo. Ikiwa kila mtoto ana lake, hata kama makondo yamegusana na kuonekana kama moja, nyama ya kondo hupanda kidogo katikati ya tando na kufanya kichuguu chenye ncha, kama herufi λ ya Kigiriki. Ikiwa wanachangia moja, utando ni mwembamba na unagonga kondo wima, bila kichuguu, kama kamba ya kuanikia nguo inavyokutana na ukuta; hiyo ni alama ya T. Mwaka 1996 madaktari wa London, Kypros Nicolaides akiwa mmoja wao, walieleza kwamba kile kichuguu kikitazamwa kati ya wiki ya 10 na ya 14 hutoa jibu la kuaminika. Kadiri mimba inavyokua kichuguu hubanwa, na kwa wengine kufikia wiki ya 20 kimetoweka.

Uzito wa swali uko kwenye mishipa. Ndani ya kondo la kuchangia, mishipa ya mtoto huyu imeungana na ya mwenzake. Katika mimba 10 hadi 15 kati ya 100 za aina hiyo damu huanza kuegemea upande mmoja: mmoja anakonda na maji yake yanakauka, mwenzake anavimba na moyo wake unalemewa. Bila kutibiwa, mara nyingi wote wawili hufa. Mama hahisi lolote la ajabu mpaka mambo yawe mabaya, au anaona tumbo limekua ghafla na watu wakamsifia.

Kwenye Utafiti wa Afya ya Uzazi na Mtoto wa Tanzania wa 2015–16, karibu mwanamke mmoja tu kati ya wanne alihudhuria kliniki kwa mara ya kwanza kabla ya mwezi wa nne. Wengine walifika kichuguu kikiwa kinafifia. Kuwalaumu hakufai. Mimba changa haitangazwi, watu wanaogopa jicho na maneno. Nauli ni pesa. Na kwenye zahanati nyingi mashine haipo, mama anaelekezwa mjini. Shirika la Afya Duniani mwaka 2016 lilipendekeza kila mjamzito apigwe picha angalau mara moja kabla ya wiki ya 24. Kuliko kutopigwa kabisa, ni nafuu kubwa. Kwa mama wa mapacha ni kuchelewa.

Kukosa picha kuna gharama zake. Mwaka 2019 nchini Bangladesh mwanamke wa miaka 20 alijifungua mtoto wa kiume, akarudi nyumbani, na siku 26 baadaye akakimbizwa hospitali akiwa na uchungu tena. Alikuwa na mifuko miwili ya uzazi, na wa pili ulikuwa na mapacha. Hakuwahi kupigwa picha, kwa umaskini. Walipona wote. Hata mashine nzuri nayo ina mipaka yake: Mei 2021 Halima Cissé wa Mali alijifungua watoto tisa mjini Casablanca, wakati picha za Mali na za Morocco zilikuwa zimehesabu saba.

Hao walikuwa na bahati, na takwimu zinasema wengi hawana. Monden na Jeroen Smits walikusanya takwimu za Afrika kusini mwa Sahara na kukuta kwamba miaka ya 2009 hadi 2014, zaidi ya pacha 200 kati ya kila 1,000 walifariki kabla ya kutimiza miaka mitano, karibu mara tatu ya waliozaliwa peke yao. Wengi wao huzaliwa njiti, wadogo, mahali ambapo hakuna aliyekuwa amejiandaa kupokea wawili. Hapa kuhesabu mapema hakuhusiani na kununua nguo za rangi moja. Kunahusu mahali pa kujifungulia, damu ya akiba, shinikizo la damu linalopimwa mara kwa mara kwa sababu kifafa cha mimba kina nafasi kubwa zaidi kwa mapacha, na gari litakalokuwepo usiku.

Wanawake watatu, wote wa wiki ya 12, wanatoka kwenye chumba kimoja cha picha wakiwa na kadi mkononi. Aliyebeba mmoja, hali yake ikiwa njema, ameandikiwa kurudi wiki ya 20. Wa pili ana mapacha wenye makondo mawili. Naye ni wiki ya 20, kisha picha kila wiki nne. Wa tatu ana mapacha wa kondo moja. Kadi yake inasema wiki ya 16, ya 18, ya 20, ya 22, kila baada ya siku 14 mpaka mwisho, na anasimama pale mlangoni akihesabu nauli.